Saumu ya Sita Katika Msitu wa Oxleas

Asya na Rahma, mmeniuliza chuoni, kwenye darasa la Qurani, Jumamosi mbili mfululizo na mimi nimekuwa nachorachora tu pembeni ya daftari. Mnanijua. Mbele za watu maneno yananikauka. Nikiandika yanatoka. Basi nimekaa na shajara yangu ya siku ile nakuandikieni yote, msomeane wenyewe mimi nikiwa sipo.

Kwanza nifute uongo uliopita Woolwich. Hatukubebwa na helikopta. Hakuna aliyevunjika mguu. Na Bibi mmemwona wenyewe juzi sokoni anachagua ndizi mbichi moja moja. Lakini kwa muda wa kama nusu saa mimi nilijua anakufa, na nilijua kuwa aliyemuua ni mimi.

Mambo ya kujiandikisha nayaruka, isipokuwa mstari mmoja wa fomu. Matembezi ya wanawake wa mtaa wetu yalikuwa ya siku mbili: kutoka Woolwich kufuata mto, halafu bustani baada ya bustani na misitu, mpaka Crystal Palace, na katikati tulale ukumbini. Kiongozi ni Colin, mzee wa Kiingereza aliyekuwa akisomesha jiografia, ana filimbi shingoni. Fomu iliuliza kama mtu ana maradhi yoyote. Fomu ya Bibi nilijaza mimi, kwa sababu bibi yangu huyu, Bi Mize, kila kitu chake cha Kiingereza ni mimi: barua, simu, kliniki.

"Andika hakuna," akasema.

"Bibi, na sukari?"

"Sukari yangu naijua mie, na wewe, na mamako. Unataka Woolwich nzima wakae kunipigia hesabu ya chai? Na huyo mzungu akijua ataniacha. Nshakaa ndani majira mazima ya baridi kama kuku. Andika hakuna."

Nikaandika hakuna, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Woolwich hadi mageti ya mto

Mama alikuwa zamu siku zote mbili, anahudumia wazee. Asubuhi mlangoni alinishika bega, sare yake kaivaa tayari. "Nasra, wewe ndiye macho yangu. Usimwache hata dakika moja."

Tulipangiwa kuondoka saa mbili na nusu. Tuliondoka saa tatu na robo kwa ajili ya Mama Zuhura, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Alikuja anahema, na kapu la sambusa na katlesi, na chupa mbili za chai ya maziwa, wakati barua ilisema kila mtu abebe mkate wake na maji.

"Mwambie huyo bwana asininunie," akaniambia. "Watu kumi na mbili watembee siku mbili kwa mkate mkavu, kwani tumefungwa jela?"

Nikamwambia Colin kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa.

"Maneno yote yale ni kuomba radhi tu?" Colin akauliza.

Nikaangalia viatu vyangu.

Bibi alivaa baibui na raba za Mama na soksi mbili mbili. Alitembea mbele ya wote. Alituambia alipokuwa msichana Pemba alikuwa akitoka Konde mpaka Wete kwa miguu na kurudi, na wanawake wakacheka, lakini mpaka tunafika pale kwenye mageti makubwa ya kuzuia maji ya mto, wao walikuwa wanahema na yeye anawangojea. Upepo ulikuwa unavuta mitandio. Colin alitazama simu yake, akasema upepo mkali umetabiriwa usiku, na usiku tutakuwa tumeshalala ukumbini. Mimi nilimwamini. Alikuwa na ramani ndani ya plastiki.

Kwa kulungu

Tukapanda bustani zenye mlima mpaka mahali panapofugwa kulungu nyuma ya wavu. Colin akapuliza filimbi: mapumziko. Mama Zuhura akafungua kapu, harufu ikatoka, hata Colin akala sambusa tatu.

"Hawa wanachinjwa lini?" Mama Zuhura akauliza, anawaangalia kulungu.

"Anasemaje?" Colin akaniuliza.

"Anasema wazuri sana."

Wanawake wakafa kwa kicheko na mimi nikawaka uso. Katika kicheko kile ndipo nilipomwona Bibi. Alikuwa ameshika sambusa, amesema bismillahi kwa sauti, ameipeleka mdomoni. Wote walipogeukia wavu, akaizungushia karatasi akaitia kwenye mkoba wangu. Ikaja katlesi, nayo vile vile. Chai akaimwaga nyuma ya benchi.

Nikamsogelea. "Bibi, huli?"

"Nyamaza. Leo ya sita."

Nyie mnajua sita, zile saumu za sunna baada ya Idi. Alikuwa ameshafunga tano kimya kimya na mimi sikujua, kwa sababu daku anakula peke yake na mimi nimelala.

"Imebaki hii moja tu, na Shawali inakwisha," akasema. "Ntafungulia huko ukumbini. Nna tende zangu humo mkobani mwako."

"Na kidonge?"

"Nshameza na daku."

"Bibi, lakini nesi alisema..."

"Nesi alisema nini, na wewe ulimwambia nini?"

Mwezi wa Ramadhani, kule kliniki, nesi aliuliza kama Bibi anafunga. Bibi akasema, mwambie sifungi, na mimi nikamwambia hivyo hivyo. Nesi akanigeukia mimi, akanieleza taratibu kama anayenisomesha: kile kidonge bila chakula ni hatari. Atatoka jasho. Atatetemeka. Atasema maneno yasiyoeleweka. Ukichelewa atazimia. Mpe kitu cha sukari hapo hapo, usingoje. Nilimfasiria Bibi yote yale na yeye alikuwa anatazama dirishani.

"Saumu ya sunna haitangazwi," Bibi akaniambia pale kwa kulungu. "Ukisema ushaniharibia. Niapie."

Nikaapa. Wallahi nikaapa. Ila tangu hapo sikuona bustani wala maua. Niliona mikono ya Bibi tu. Kila akiinua mkono kurekebisha mtandio, natazama kama unatetemeka.

Geti lililofungwa

Bustani iliyofuata tulikuta geti lina mnyororo na karatasi: imefungwa kwa sababu ya upepo. Tukazunguka kwa barabara za nyumba, na huko kona zote zinafanana, tukapotea, tukarudi tulikotoka, tukaomba njia kwa mwanamme aliyekuwa anakimbiza pipa lake la taka katikati ya njia. Ilikuwa kama saa sita. Upepo uliotabiriwa usiku ulikuwa umeshafika. Mwavuli wa mtu mmoja uligeuka ndani nje ukaenda zake.

Tulipotokea barabara kubwa, Colin akatukusanya kwenye kituo cha basi. Alisema mpango wa siku mbili umekwisha, hakuna Crystal Palace. Tuna njia mbili. Turudi nyumbani kwa basi sasa hivi, au tukate kipande kifupi cha msitu wa Oxleas tutokee uwanjani kwenye mkahawa, tupumzike huko, halafu tuone. Nusu saa, alisema, labda kidogo zaidi. Wanawake wawili wakasema wao wanarudi.

Likaja basi la kwetu. Asya, lile lile tunalopanda kwenda chuoni. Likafungua milango mbele yangu.

Colin akaniinamia. "Muulize bibi yako anajisikiaje. Amekula vizuri?"

Bibi alikuwa ameegemea kioo cha kituo. Midomo yake imekauka. "Mwambie nimekula, nimeshiba, na miguu yangu mizima," akasema. "Na wewe usinitazame hivyo."

Maneno yalikuwa mdomoni kwangu. Nayakumbuka namna yalivyokaa, kama kokwa. Kila mtu alikuwa ananiangalia, na dereva pia, na mimi nikiangaliwa siwezi. Nikasema, "Amekula. Yuko sawa."

Milango ikafungwa. Nililitazama basi mpaka likageuka.

Msituni

Msitu ule tumeenda na shule mara ngapi, mnakumbuka, tukiokota majani. Siku ile sikuujua. Juu miti ilikuwa inanguruma kama treni inayopita bila kwisha, na chini shina moja likilia, jengine linajibu. Vitawi vilikuwa vinatuangukia vichwani. Colin alikuwa mbele anatembea haraka, anageuka kila mara kutuhesabu. Alikuwa ameacha kutabasamu.

Bibi, aliyekuwa mbele ya wote asubuhi, sasa alikuwa wa mwisho. Mimi nilimshika mkono. Mama Zuhura alikuwa hatua mbili mbele yetu, anasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti kubwa.

Halafu kitu kilipasuka. Siwezi kukwambieni mlio wake. Nilihisi kwenye miguu kabla ya masikio. Nilipofungua macho, mti mzima ulikuwa umelala kwenye njia mbele ya Mama Zuhura, majani bado yanatetemeka, na ng'ambo yake watu wanapiga kelele. Mama Zuhura alikuwa amesimama kinywa wazi. Tawi la mwisho lilikuwa limemchania baibui.

"Tu wazima!" akapiga kelele. "Tu wazima sote!"

Filimbi ikalia ng'ambo. Colin akawapeleka wale wengine mpaka ukingoni, kwani uwanja ulikuwa unaonekana, kisha akarudi kwetu peke yake, akizunguka mizizi, tope mpaka magotini.

Mimi nilikuwa nimeshamkalisha Bibi juu ya gogo. Mkono wake ulikuwa baridi na umerowa. Uso pia. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye nyusi, na baridi ile! Nikamwangalia vidole. Vilikuwa vinacheza.

Colin akavua koti lake akamfunika. "Amepata mshtuko, masikini. Sote tumeshtuka. Muulize kama anaweza kutembea. Hatuwezi kukaa chini ya miti hii."

"Bibi, unaweza kutembea?"

Akaniangalia kama anayeangalia mtu wa mbali. "Asha," akasema, "mvua inakuja. Karafuu ziko nje. Hebu kazianue."

Asha ni dada yake. Alikufa kabla mimi sijazaliwa.

"Anasemaje?" Colin akauliza.

Shajarani nimeandika kwamba nilifikiri sana. Si kweli, nakuambieni nyinyi. Sikufikiri kitu. Niliona fomu, lile neno hakuna kwa mwandiko wangu, na nikasikia sauti inapiga kelele kwa Kiingereza na Kiswahili vyote pamoja, nikajiuliza nani huyo.

"Ana sukari! Amefunga! Hajala tangu alfajiri na kameza dawa! Niliandika uongo, nimekudanganya mara mbili! Anakufa!"

Colin hakunigombeza. Alitoa simu tu, akaanza kuongea na watu wa gari la wagonjwa, akitafuta kwenye ramani namna ya kuwaelekeza. Mimi nikamwaga mkoba chini. Sambusa, katlesi, tende. Nikavunja tende nikampelekea mdomoni. Akakaza meno.

"Nimefunga," akasema.

Alikuwa hajui yuko wapi, hanijui mimi, lakini hilo alilijua.

"Tende hawezi kutafuna, itamkaba," Mama Zuhura akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake. Akageuza mgongo, akatia mkono kifuani, akatoa kijaruba cha plastiki. Ndani mna vidonge vikubwa vyeupe vya sukari ya glukosi, vile vile alivyotupatia nesi wa kliniki, ambavyo Bibi alivitupa. "Mpe hivi. Vinayeyuka vyenyewe. Na usiniulize nimevipata wapi."

"Hataki kufungua mdomo!"

"Basi mlazimishe!"

Nikajaribu. Akanisukuma, na nguvu alikuwa nazo. Kichwa kikaanza kumwangukia kifuani. Tawi jengine likaanguka karibu, Colin akaruka, na juu kulikuwa kumefunga giza la mawingu, chini ya miti kama jioni. Ndipo nikalisema. Sikulipanga.

"Bibi. Bibi, washaadhini. Maghrib imeingia. Fungua."

Akainua macho. "Washaadhini?"

"Washaadhini, Bibi. Wote wanafungua. Wewe tu umebaki."

Ilikuwa saa saba na kidogo mchana.

Midomo yake ikaanza kwenda. Alisoma dua ya kufungua yote, taratibu, kwa ulimi mzito, na mimi nimeshika kile kidonge vidole vinaniuma kwa kungoja. Nilitaka kumwambia, Bibi, haraka. Sikuthubutu kumkata. Alipomaliza akafungua mdomo kama mtoto. Nikamtilia kimoja. Kikayeyuka. Nikamtilia cha pili, cha tatu. Mama Zuhura alikuwa amemshika kichwa kwa nyuma, machozi yanamshuka na hayapangusi.

Colin alisema zilipita dakika kumi na mbili. Mimi sijui. Upepo haukupungua, hakuna kilichopungua. Ila jasho lilikoma, na Bibi akaangalia koti la Colin mabegani mwake, akaangalia tope, akasema, "Nasra, mbona umemwaga vyakula chini?"

Nilimkumbatia mpaka akasema namuumiza.

Uwanjani, na hospitali

Tulimtoa kwa miguu yake, Colin upande huu, Mama Zuhura upande ule, mimi nyuma nimeshika baibui lake, sijui kwa nini, ningemzuia vipi. Gari la wagonjwa lilikuwa limepanda juu ya majani ya uwanja. Wanawake wengine walikuwa wamejibanza ukutani mwa mkahawa, ambao wenyewe ulikuwa umefungwa kwa sababu ya upepo. Kwa hiyo hata tungefika salama tusingepata kikombe cha chai.

Hospitali nesi aliuliza maswali na mimi nikasimama kati yao kama siku zote.

"Mwambie nlikula asubuhi," Bibi akasema.

Nikamgeukia nesi. "Anasema alikula asubuhi. Alikula kabla ya alfajiri. Baada ya hapo hakula. Amefunga. Na Ramadhani alifunga yote, na mimi nilisema hafungi."

Bibi Kiingereza hajui, lakini hicho alikijua. Aligeuza uso ukutani.

Mama alikuja na sare yake. Nilidhani atanipiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akaniweka kichwa changu mapajani kwake mbele za watu wote, na mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikaogopa upya: nikauliza, Mama, na wewe umekula?

Nyumbani

Siku tatu Bibi hakusema nami. Alisema na Mama, alisema na televisheni. Nikimpelekea chai anaipokea anaiangalia chai. Nilikuwa nikirudi shule nasimama nje ya mlango kwanza, nasikiliza kama nitamsikia akitembea ndani, ndipo natia ufunguo. Mpaka leo nafanya hivyo.

Siku ya nne ikaja barua ya Colin. Matembezi yamefutwa, yatapangwa tena, na kila mtu ajaze fomu mpya. Chini aliandika kwa mkono kwamba amezisoma zile za zamani zote kumi na mbili, na zote zimesema hakuna.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mama Zuhura, fomu yake kaikunja ndani ya mtandio. Akanivuta jikoni, akafunga mlango. "Andika sukari. Miaka saba. Andika na presha, nayo ipo. Na punguza sauti."

"Sijasema kitu, Mama Zuhura."

"Punguza tu."

Jioni yake akaja mwengine. Kesho yake wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke kwanza. Nimejaza fomu saba jikoni kwetu mlango umefungwa, na nimeapishwa mara saba. Mama Zuhura mwenyewe keshaniruhusu; majina ya wengine siyasemi, msiniulize.

Bibi alikuwa akiwaona wakipita, wanaingia na kutoka. Ijumaa, baada ya sala, akaja mwenyewe jikoni na karatasi yake. Akaiweka mezani, akavuta kiti.

"Andika."

"Niandike nini, Bibi?"

"Andika kilichopo. Sukari. Na vidonge, majina yake yote."

Nikaanza kuandika. Yeye alikuwa anatazama kalamu.

"Siku ile," akasema. "Nani aliadhini?"

Kalamu ikasimama. "Mimi, Bibi."

"Tangu lini mtoto wa kike akaadhini?"

Sikujua nicheke au nilie. Yeye hakucheka. "Na dua nlisoma?"

"Ulisoma. Yote, mpaka mwisho. Nilikungoja."

"Ulinngoja."

"Ndiyo."

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyeinuka. Halafu akanisogezea ile karatasi karibu, kwa kidole kimoja.

"Haya, maliza," akasema. "Na hapo juu iweke wazi, huyo mzungu aione."

Nikaandika. Mwandiko ule mzuri haukutoka. Neno lenyewe, sukari, limekaa upande, herufi moja kubwa, moja ndogo, lakini mtu akilitazama analisoma.